Masazo ya Jioni

Bibi Nambike Mrutu alimwita mwanawe kwa jina kabla mwanawe hajavuka kizingiti.

"Namkunda. Umekonda. Huko mjini mnapima vyakula vya watu, vyenu mnakula saa ngapi?"

Namkunda alisimama na begi lake begani, matope ya njia ya Ikongwe yamempanda hadi magotini. Kwa miaka minne alikuwa akiingia nyumba hii akikaribishwa kama mpita njia. Mara aliitwa mwalimu, mara mke wa mchungaji, na siku moja, mbaya kuliko zote, mama yake alimwomba kwa adabu kabisa aondoke kwa kuwa mwenye nyumba hayupo. Leo mama huyohuyo, mwenye umri wa miaka themanini na ushee, alikuwa mlangoni na khanga kiunoni, anamsimanga kwa wembamba wake. Namkunda akalia bila kujificha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Machozi hayanenepeshi mtu. Ingia, vua hivyo viatu."

Kilichomrudishia Bibi Nambike akili kilikuwa mezani, ndani ya bakuli jeupe lenye kitako kizito. Ni uji. Mwonekano wake ulikuwa wa ulezi, ladha yake ilikaribia togwa iliyolala siku moja, na katika Taasisi ya Lishe na Umri, alikofanya kazi Namkunda, uliitwa Jioni. Watafiti wa huko walikuwa wameyagawa maisha ya binadamu kama siku moja. Alfajiri ni mimba na unyonyeshaji, Asubuhi ni utoto, Mchana ni utu uzima, na Jioni ni uzee. Kila kipindi kilitafutiwa chakula chake. Cha Jioni kilitangulizwa milimani Upare, miaka miwili iliyopita, kwa sababu vijana wa huko walikuwa wameteremka mijini siku nyingi, na vijijini wamebaki wazee na wajukuu zao.

Kila mzee alikuwa na njegere, kitu kidogo kilichopandikizwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, kinachosoma damu na kuliambia bakuli ale nini siku hiyo. Bakuli lilijikorogea lenyewe. Lilijua uzito wa uji ulioingia na uzito wa uji uliotoka. Uji ulipokaribia kwisha liliuliza kwa sauti, na mzee alijibu.

Wakala mchana ule, mama na mwana, wakisimuliana habari za watu waliokufa na wasiokufa. Bibi Nambike aliwakumbuka wote. Alikumbuka hata jina la mbuzi aliyekula shuka la ubatizo la Namkunda. Namkunda alicheka mpaka akashika mbavu, na moyoni akajiambia kwamba hata kama asingefanya jambo jingine lolote duniani, hili lingemtosha.

Ndipo Nanzia akarudi kutoka shule.

Nanzia alikuwa mtoto wa Elieza, ndugu yake Namkunda, aliyefariki. Umri wake miaka kumi, na alikuwa akilelewa na bibi yake tangu aanze kutambaa. Aliingia mbiombio, akaweka mkoba, akamsalimia shangazi yake kwa heshima zote, kisha akasogea karibu na goti la bibi.

Namkunda akaliona sweta.

Alilinunua mwenyewe, sweta la bluu la shule, mwaka juzi. Alichagua kubwa, kama mzazi yeyote mwenye akili anavyochagua, mtoto akulie humo. Siku ile walilikunja mikono mara mbili ili vidole vionekane. Mikono ilikuwa bado imekunjwa mara mbili. Pindo lilikuwa bado linamfika Nanzia mapajani, palepale. Sweta lilikuwa limechakaa na mtoto hajaanza kulijaza.

"Nanzia, mwanangu, hilo sweta ni lile lile?"

"Ndiyo, shangazi. Bibi anasema nina mwili mzuri, siharibu nguo."

Bakuli likasema. Lilisema kwa sauti ya Namkunda mwenyewe, maana ndiye aliyerekodiwa, "Uji umeisha?"

"Umeisha," alijibu Bibi Nambike, na papo hapo akalisukuma bakuli kwa Nanzia. Chini yake kulikuwa na uji wa kutosha vijiko vitano au sita. Nanzia akaumaliza, akakomba kwa kidole. Kitako cha bakuli kikawaka kijani. Huko mjini, kwenye kumbukumbu za taasisi, mzee mmoja wa Ikongwe alikuwa amemaliza mlo wake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Namkunda hakuwahi kudhani kwamba nguo yenyewe ingekuwa sweta la shule.

*

Nchi nzima huwatania Wapare kwa ubahili. Mtani wao atakuambia kwamba Mpare hukunja hata kivuli chake akakiweka ndani kisije kikachakaa. Sawa, utani ni utani. Lakini watani hao hawakulelewa na bibi wa Ikongwe.

Huko mtu mzima hakombi bakuli. Hubakiza kidogo chini, na hicho kidogo, masazo, ni haki ya mtoto aliye karibu. Mtoto naye haombi, maana kuomba ni aibu. Husimama kando ya goti la mkubwa akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Bibi, uji umeisha?" Naye bibi hujibu, "Umeisha," huku akimkabidhi bakuli lenye masazo. Asiyejua atadhani bibi kasema uongo. Anayejua anafahamu kwamba hapo mtoto amependwa.

Namkunda alilelewa hivyo. Alisimama kando ya magoti hayo, akauliza swali hilo, akala masazo hayo. Kisha akasoma, akaenda kusoma zaidi, akarudi daktari wa lishe. Wenzake walipotaka bakuli liwaulize wazee, "Je, umemaliza uji wote?" alipinga kwa nguvu. Alisema huwezi kumuuliza mzee wa milimani kama amekomba bakuli, utakuwa umemwita mlafi. Akapendekeza maneno ya adabu yaliyomjia yenyewe mdomoni. Wakayakubali. Wakaomba na sauti yake pia, kwa sababu ya lafudhi.

Ukubwa na shahada vilikuwa vimemsahaulisha swali lile ni la nani. Kila siku, katika kila nyumba, bakuli lilikuwa likiwasemesha wazee maneno ya mtoto mwenye njaa. Na kila siku wazee, kwa mikono iliyozoea, walikuwa wakisaza.

Jioni ile alimtoa Nanzia tone la damu na ute kidogo wa mdomoni, akaviweka kwenye kipimo chake cha mkononi. Hakuhitaji kusubiri sana. Chachu yao, ile iliyotiwa kwenye uji wa Jioni, ilikuwa imeota tumboni mwa mtoto kama iko kwake.

Kazi ya chachu hiyo ilikuwa kunyamazisha. Ndani ya mwili kuna ishara inayoziambia chembe hai zote zikue, zijigawe, zijenge. Namkunda alipowafundisha wanafunzi aliiita mbiu. Kwa mtoto mbiu lazima ilie, bila hiyo mfupa haurefuki. Kwa mzee mbiu hiyohiyo ni kelele tu. Chembe zinahangaika kujenga nyumba ambayo ilishajengwa, na hazipati nafasi ya kufagia. Takataka zinajaa, hasa kichwani, na mtu anaanza kupotea. Chachu ya Jioni iliituliza mbiu, chembe zikaanza kufagia, na wazee wakarudi mmoja mmoja kama watu waliokuwa safarini. Dawa ilikuwa nzuri. Ubaya ulikuwa saa yake tu, maana cha jioni kilikuwa kimeliwa asubuhi.

Kesho yake alikwenda shuleni kabla ya kengele. Hakuwa na haja ya kumpima mtu. Watoto walipopanga mistari uwanjani, waliokuwa wakilelewa na babu na bibi zao walikuwa mbele, wafupi, wenye nyuso za umri wao na miili ya wadogo zao. Mwalimu alimweleza kwamba walishaandikia wilaya wakidhani ni njaa, na wilaya ikaleta maharage.

"Yamewasaidia?" aliuliza Namkunda.

"Wanakula vizuri sana," alisema mwalimu. "Hawakui tu."

*

Profesa Mfinanga, mkuu wa utafiti wa Jioni, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Naye alikuwa mtoto wa milima hiyohiyo. Ofisi yake ilitazama uwanda mkavu wa mkonge, na kwa muda mrefu aliutazama huo mkonge badala ya kumtazama Namkunda.

"Baba yangu," alisema hatimaye, "juzi alinisimulia kesi ya shamba ya mwaka niliozaliwa. Majina ya mashahidi, mipaka, mpaka mti ulioangukia wapi. Kabla ya Jioni alikuwa hawezi kufunga kifungo cha shati."

"Najua, kaka."

"Basi tubadilishe swali. Tuwakataze wazee kuwapa watoto. Hilo tu."

"Mama yangu aliposahau jina langu, alikuwa bado anasaza," alisema Namkunda. "Aliposahau Baba Yetu, alikuwa bado anasaza. Wewe umekulia huko. Utaukataza mkono ule kwa tangazo?"

Jibu Profesa alilijua. Akanyanyuka, akajimiminia maji, akayaacha bila kuyanywa.

"Uji ukikoma, watoto watapona?"

"Chachu inaishi kwa wanga uliomo kwenye uji wenyewe. Ikiukosa inakufa ndani ya wiki chache, na mifupa yao bado haijafunga. Watakua. Hawatarudisha yote waliyopoteza, lakini watakua. Tukichelewa, sina ahadi."

"Na wazee watazimika."

"Taratibu. Lakini watazimika."

"Basi tuwatenganishe," alisema Profesa, akaketi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hata kabla ya mwenzake kumaliza. "Watoto wenye wazazi mijini washuke kwa wazazi. Wasio na wazazi waende shule za bweni. Tutasema ni ufadhili wa masomo. Wazee wabaki na uji wao na akili zao. Hakuna anayedumaa, hakuna anayepotea."

"Tuseme ni ufadhili?"

"Unataka kumwambia bibi wa miaka themanini kwamba amemdumaza mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe? Umemrudishia akili ili aje aisikie kweli hiyo?" Akapunguza sauti. "Dada, Ikongwe ni eneo lako. Utakaloniletea nitalitia sahihi. Lakini nakuomba uwahurumie."

Namkunda alitaka kukasirika, akakuta hasira haipo. Alichokikuta ni nafuu, na nafuu hiyo ilimtia aibu. Jibu la Profesa alikuwa nalo tangu juzi, njiani akiteremka mlima. Atamchukua Nanzia aishi naye mjini, mtoto atakua, na mama yake ataendelea kumwita kwa jina. Hakuwahi kukitaka kitu maishani kama alivyotaka hicho. Kitu pekee alichotakiwa kufanya ni kumdanganya mama yake kidogo, kwa wema.

*

Orodha ya watoto wa ufadhili alikuwa amekwisha kuitanguliza kwa mwalimu wa Ikongwe. Yeye mwenyewe alimkuta Bibi Nambike jikoni, ungo mapajani, anachambua maharage ya makande. Namkunda akavuta kigoda, akaanza kumsaidia bila kuambiwa.

"Nimekuja kumchukua Nanzia, mama. Akasome mjini."

"Katikati ya muhula?"

"Amepata ufadhili."

"Wa nani?"

"Wa taasisi yetu."

"Hm." Bibi Nambike akatupa haragwe bovu. "Wajukuu wa Senzia nao nasikia wamepata. Na wale mapacha wa kule juu, wasiojua hata kuandika majina yao, nao wamepata. Nyie taasisi yenu ina bahati, imekutana na kijiji cha wenye vipaji watupu."

Namkunda akainamia ungo.

"Ulipokuwa mdogo," mama yake akaendelea polepole, "ukivunja chungu ulikuwa unakuja kunisaidia kazi bila kuitwa. Leo umekaa kwenye ungo wangu tangu ulipoingia. Umevunja nini?"

Hapo Namkunda alielewa ujinga wake. Alikuwa amekuja kumdanganya mama mwenye akili timamu, akili aliyomrudishia yeye mwenyewe. Akasema yote. Alieleza chachu na mbiu na swali la bakuli, na sweta la Nanzia, na mistari ya watoto uwanjani. Hakuacha kitu. Alipomaliza, maji ya sufuria yalikuwa yamechemka na hakuna aliyeyaangalia.

"Ni masazo yangu, basi," alisema Bibi Nambike.

"Ni swali langu, mama."

"Swali ni lako. Mkono ni wangu." Bibi Nambike aliokota haragwe bovu akalitupa, kisha akaokota zima akalitupa pia, kisha jingine zima. Uchungu ulikuwa umemjaa usoni na hakujaribu kuufuta. "Nilikuwa namwona hakui. Nikawa nasema amerithi ufupi wa mama yake. Nikawa namwongezea."

Nje Nanzia alikuwa anaita kuku.

"Nikiacha uji, atakua?"

"Atakua."

"Na mimi nitarudi kule nilikokuwa."

"Ndiyo."

"Nitakusahau."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana nataka nimchukue. Nimekungoja miaka minne. Nilikuwa naingia hapa unaniuliza natafuta nani. Baki na uji wako. Nitamleta likizo, nitakuwepo mezani, nitaangalia kila kijiko."

"Na mimi utanifunga mkono kwa kamba?"

"Mama."

"Nakuuliza. Mtoto amesimama hapa, ametoka safari, mimi nakomba bakuli mbele yake kama fisi. Huyo atakuwa nani? Utamwita mama?" Akaweka ungo chini. "Miaka ile niliyopotea, nilikuwa najua nini?"

"Hukuwa unajua kitu."

"Hata kimoja?"

Namkunda akafikiri. "Ulikuwa unasaza."

"Basi nilikuwepo," alisema Bibi Nambike.

Namkunda akajifunika uso kwa khanga ya mama yake kama alivyokuwa akifanya utotoni, na mama akamwacha alie mpaka atosheke. Mkono wake ulikuwa kichwani mwa bintiye, ukimpapasa njia za nywele.

"Usiseme umenikosa. Umenipata nikiwa na akili ya kukuaga. Nyumba ngapi zinapata hilo? Mama yangu mimi alipotea siku mbili kabla ya kufa na alikuwa ananiita kwa jina la dada yake. Sasa nisikilize. Huyu mtoto anabaki na mimi. Nyanyua macho unitazame ninaposema. Nitakapoanza kupotea nitautaka ule uji. Unajua mwenyewe ulivyo mtamu. Nitakuomba, nitalia, pengine nitakutukana. Usinipe."

"Na yule atakayekuwa analia," alisema Namkunda, "yeye hatakuwa mama yangu? Yeye hana neno?"

Bibi Nambike alilitafakari hilo kwa uaminifu, kichwa kimeinama. Lilikuwa swali zuri, na alikuwa amezaa mtoto mwenye akili, hakutaka kulijibu ovyo.

"Neno analo," alisema. "Lakini hatajua anachoomba kinatoka kwa nani. Mimi najua. Yule mpe makande. Niahidi."

Namkunda akaahidi. Kisha wakaweka maharage kwenye maji yaliyokuwa yamebaki nusu.

*

Bibi Nambike ndiye aliyewaambia wazee wenzake, Jumapili, nje ya kanisa, na hakumruhusu Namkunda amsemee. Alisema mambo yote mafupi mafupi. Watu walianza kumwangalia Namkunda kwa macho mabaya, na Bibi Nambike akawageuza. Alisema aibu ni ya kugawana, mabega wanayo, na wasimwachie mtoto mmoja abebe peke yake. Mtoto huyo mmoja alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Kila nyumba iliamua yenyewe. Nyingi zilirudisha mabakuli. Mzee Senzia hakurudisha. Alisema mkewe alifariki katika miaka ambayo yeye hakujua kinachoendelea, na uji ndio uliomwezesha kumlilia, hawezi kumpoteza mara ya pili. Wajukuu wake wakashuka kwa baba yao. Alibaki nyumbani na akili yake yote, na kila jioni alionekana amekaa barazani, anatazama njia. Hakuna aliyemlaumu, na watu walijitahidi kumpitia.

Profesa Mfinanga alitia sahihi uamuzi wa Ikongwe kama alivyoahidi. Siku hiyohiyo alipanda kwao Ugweno kukaa na baba yake, akamsikiliza kesi ya shamba tangu mwanzo hadi hukumu, kisha akaomba aanze tena.

*

Mvua za vuli zilikuja zikaenda, na za masika, na vuli nyingine. Bibi Nambike aliondoka kidogo kidogo. Kwanza yalipotea majina ya mbuzi, kisha ya watu waliokufa, kisha ya walio hai. Kulikuwa na miezi aliyolilia uji kama alivyosema atalia, akazunguka nyumba akifungua makabati, akamwita Namkunda mwizi. Namkunda alikuwa ameomba likizo ndefu ili awepo. Alimpa makande. Usiku alikuwa anatoka nje akakaa nyuma ya banda la ng'ombe, alie asisikike. Ahadi ilikuwa nzito kuliko alivyodhani siku ile jikoni, na mara mbili alikaribia kuivunja.

Kisha kilio nacho kikasahaulika, mama akatulia, na Namkunda akarudi kazini.

Siku moja ya Desemba ya mwaka uliofuata Namkunda alipanda tena Ikongwe kutoka kazini. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa msichana aliyekuwa anafua nje, mrefu, miguu mirefu kuliko kiwiliwili, na ilimchukua hatua kadhaa kumtambua. Sweta la bluu lilikuwa limeanikwa kambani. Mikono yake ilikuwa imekunjuliwa, na ile mistari ya mikunjo ya zamani bado ilionekana, bluu iliyokolea, jua halikuwahi kuifikia.

"Halinitoshi tena, shangazi," alisema Nanzia, kana kwamba anaomba radhi.

"Mungu ashukuriwe," alisema Namkunda. "Tutanunua jingine. Kubwa."

Ndani, Bibi Nambike aliinua macho. "Karibu, mgeni. Wenyewe wapo shambani."

"Asante, mama. Nitawangoja."

Nanzia akapakua makande, sahani ya bibi kwanza. Bibi Nambike alikula kwa utulivu, akitafuna kila punje kwa haki yake. Namkunda alikuwa ameketi upande wa pili, anamtazama, hajagusa chakula chake. Alikuwa amezoea kwamba hatajulikana. Maumivu yenyewe hakuwa ameyazoea. Mama alipopunguza mwendo, Namkunda akanyoosha mkono kuondoa vyombo, na maneno yakamtoka yenyewe, yale yale, kwa sauti ile ile.

"Yameisha?"

Mkono wa Bibi Nambike ukasimama na kijiko. Akamgeukia, akamtazama kwa muda, kipaji cha uso kimejikunja.

"Sauti hii naijua," alisema.

Nanzia naye akasimama na sufuria mkononi.

"Wewe ndiwe yule wa kwenye bakuli." Uso wa bibi ukalegea, ukajaa huruma. "Kila siku ulikuwa unaniuliza kama umeisha. Kila siku. Na mimi nampa huyu tu, sikukuona. Maskini, mtoto wa watu, kumbe ulikuwa na njaa muda wote ule."

Akaisukuma sahani kuvuka meza, mpaka ikagusa vidole vya Namkunda. Chini yalikuwa yamebaki makande, kiasi cha vijiko vitano au sita.

"Yameisha," alisema Bibi Nambike.

Namkunda akanyanyuka, akazunguka meza, akaketi sakafuni kando ya goti la mama yake. Akaishika sahani kwa mikono miwili, akala.